Kifurushi cha seli shina kwa mkimbiaji: kipi ni tiba, kipi ni pufya?

kocha_bondeni:

Wadau, naomba mnisaidie kuipitia barua moja ya matibabu. Anayehusika ni mkimbiaji wa marathoni, mwanamke, ambaye kano ya kisigino cha kushoto imemsumbua kwa miezi saba. Yumo kwenye kundi la upimaji la AIU, kitengo cha uadilifu cha riadha ya dunia, na bado anajaza taarifa za mahali alipo ili wapimaji wamfikie. Ana mbio baada ya wiki 7. Kliniki moja ya nje ya nchi imempa kifurushi cha siku 3, na chini ya barua wameandika kwamba "tiba zote zinakubalika michezoni".

Siku ya kwanza watavuta ml 60 za uboho kutoka mfupa wa nyonga, waziweke kwenye mashine ya kuzungusha hadi zibaki ml 6, kisha wadunge kwenye kano wakiongozwa na ultrasaundi. Siku ya pili ni seli shina milioni 50 za kitovu cha mtoto, zilizokuzwa maabara, kwa dripu ya ml 250, pamoja na kichupa cha "kichangamshi cha ukuaji". Kilichomo kichupani hakikutajwa. Siku ya tatu ni dripu ya vitamini ya ml 500 na sindano ya triamsinoloni (dawa ya kundi la glukokotikoidi, yaani kotikosteroidi) mg 40 "kutuliza uvimbe". Anarudi nyumbani na tramadoli ya maumivu na vidonge vya siprofloksasini, antibiotiki, vya siku 5.

Nataka kujua: katika haya yote, ni lipi litakalomfungia? Je, ruhusa ya TUE, yaani kibali cha kutumia kilichokatazwa kwa sababu ya matibabu, inaweza kuliokoa lolote?

mbio_safi:

Seli ziko M3, kundi la jeni na seli, kwenye orodha ya makatazo ya WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya (dawa na njia zilizokatazwa michezoni). M3 ni marufuku wakati wote, si siku ya mbio tu. Mwambie asipande ndege.

daktari_viungo:

@mbio_safi umekata kwa shoka kitu kinachotaka kisu. Ni kweli M3 inataja matumizi ya seli, za kawaida au zilizobadilishwa kijeni. Lakini kifungu chenyewe kinahusu njia zenye uwezo wa kuongeza nguvu za mchezaji, na maelezo ya WADA kuhusu seli shina yanatazama jinsi seli zilivyotengenezwa kabla ya kudungwa. Seli za mtu mwenyewe, zisizobadilishwa, zikirudishwa mahali palipoumia ili kiungo kirudie hali yake ya kawaida, hazikatazwi. Zikibadilishwa, zikichanganywa na vichochezi vya ukuaji au zikilenga kumpa mtu zaidi ya alichokuwa nacho kabla ya kuumia, hapo ni pufya. Orodha ya 2026 imeongeza kwamba hata sehemu za seli, kama kiini, mitokondria na ribosomu, zimo katika katazo hilo. Kwa hiyo wale wanaouza "mitokondria za kuongeza stamina" wasimdanganye mtu kwamba hawauzi seli.

Kocha, sasa tuichambue barua kipengele kwa kipengele.

Uboho wa siku ya kwanza ndio wenye nafuu zaidi. Hautoki kwa mtu mwingine, haukuzwi, na unadungwa siku hiyo hiyo. Hata hivyo uliza mambo matatu. La kwanza, nini kinaongezwa kwenye bomba la sindano? Dawa ya kuzuia damu isigande, ama heparini ama ile ya sitreti, haina tatizo. Lidokeini haina tatizo, hata ikiwa na adrenalini kidogo ya kuganzia mahali pamoja. "Kiamshi cha seli" ambacho hakina jina ni tatizo.

La pili, sindano inaingia wapi? Uboho uliozungushwa bado una chembe nyekundu za damu. Ukidungwa ndani ya kano, hauingii kwenye mzunguko wa damu. Mkusanyo huo huo ukisukumwa kwenye mshipa, umegeuka kuwa kurudisha damu mwilini, na M1, kundi la damu kwenye orodha hiyo, inakataza kiasi chochote cha damu, iwe ya mtu mwenyewe au ya mwingine. Kuna kliniki zinazobakiza ml 2 na kuzipitisha kwenye mshipa wa mkono eti zisipotee. Hizo ml 2 zinatosha kumwangusha.

La tatu ni ufundi, si sheria. Anayevuta ml 60 kutoka tundu moja kwa mvuto mrefu anapata damu ya kawaida iliyochanganyika na uboho kidogo. Inavutwa ml 5 hadi 10, kisha sindano inasogezwa au kuzungushwa. Hata ikifanywa vizuri, seli shina halisi ni kama 0.001 hadi 0.01 kwa mia ya seli zenye kiini zilizomo. Kwa hiyo mtu akikwambia "tunamwekea mamilioni ya seli shina kutoka nyongani mwake", muulize amezihesabu kwa kifaa gani.

Siku ya pili ni hadithi nyingine kabisa. Seli za mtu mwingine, zimekuzwa maabara, zinaingia kwenye mshipa na haziendi kwenye kano iliyoumia. Hoja ya "tunatibu jeraha" inaanguka papo hapo, kwa sababu dripu haijui kisigino kiko wapi. Seli zinazokuzwa hulishwa vichochezi vya ukuaji ili ziongezeke, na kliniki haijasema walitumia nini wala waliziosha vipi kabla ya kuzipakia. Na hata tukiweka seli kando, ml 250 za dripu zimeshavuka kikomo. Kundi la M2 linaruhusu jumla ya ml 100 tu za kuingia kwenye mshipa kwa saa 12, ila kama ni matibabu ya hospitalini, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Kliniki ya urembo wa viungo yenye viti vya ngozi haihesabiki kuwa hospitali.

Kichupa kisicho na jina ndicho hatari kubwa kuliko vyote. Katika biashara hii, neno "ukuaji" mara nyingi huficha IGF-1 (kichochezi cha ukuaji), hormoni ya ukuaji, au peptidi za TB-500 na BPC-157. Tatu za kwanza ziko S2, kundi la hormoni na vichochezi vya ukuaji. BPC-157 iko S0, kundi la dawa ambazo hazijaidhinishwa kutibu binadamu, na ilitajwa kwa jina kuanzia 2022. Zote ni marufuku wakati wote.

kocha_bondeni:

Asante daktari. Wakala wa kliniki anashikilia kwamba Nadal, mcheza tenisi, alitibiwa mgongo kwa seli shina na hakuna aliyemgusa. Na kwamba PRP, sindano ya plazma ya damu ya mtu mwenyewe, ilikuwa marufuku, sasa ni ruksa, kwa hiyo na seli zitafuata.

daktari_viungo:

Nadal alitibiwa kwa seli zake mwenyewe, zilizowekwa kwenye kiungo kilichoumia. Hilo halina uhusiano na dripu ya seli za kitovu. Wakala achague mfano unaofanana na bidhaa yake.

Mfano unaomfaa zaidi ni wa Bartolo Colón, mrushaji wa besiboli. Mwaka 2010 alitibiwa bega na kiwiko huko Jamhuri ya Dominika kwa seli za uboho na mafuta yake mwenyewe. Ilipojulikana mwaka uliofuata, ligi ilianza kuuliza maswali, na swali halikuwa seli. Daktari aliyehusika alikuwa akiwapa wagonjwa wengine hormoni ya ukuaji katika tiba ya aina hiyo, na ilibidi aeleze kwamba Colón hakupewa. Wachunguzi huanzia hapo: nini kingine kilikuwa kwenye bomba?

Kuhusu PRP, yaani plazma iliyosheheni chembe sahani za mtu mwenyewe: mwaka 2010 ilikatazwa kwa kudungwa kwenye msuli, na 2011 ikaondolewa kabisa kwenye orodha. Lakini vichochezi vya ukuaji vilivyochujwa na kuuzwa peke yake vilibaki marufuku hadi leo. PRP ikichanganywa na IGF-1 ya kichupa si PRP tena.

kibali_kwanza:

Nazungumzia sindano ya siku ya tatu, maana naona kila mtu anaikimbilia dripu, ilhali wakimbiaji wetu wengi wanaangukia hapa. Tangu 2021 kesi za triamsinoloni zimekuwa nyingi mno Kenya, na kiini chake mara nyingi ni kutojua hesabu ya siku.

Kuanzia Januari 1, 2022, dawa zote za kundi la glukokotikoidi zikidungwa, kwa njia yoyote, ni marufuku kipindi cha mashindano. Kipindi hicho kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Kinachompa mtu shida ni muda wa dawa kutoka mwilini, na muda huo unategemea mahali ilipodungwa:

Triamsinoloni kwenye msuli, kwa mfano tako: siku 60.
Triamsinoloni kwenye kiungo au kando ya kano: siku 10.
Deksamethasoni, betamethasoni au methiliprednisoloni kwenye msuli: siku 5. Kwenye kiungo: siku 3.
Prednisoloni kwenye msuli au kwenye kiungo: siku 10.

Wiki 7 ni siku 49. Wakimdunga kando ya kano, hesabu inatosha. Wakimdunga takoni, bado siku 11, na hapo hakuna cha kujitetea. Barua yenu haijasema itadungwa wapi! "Sindano ya triamsinoloni mg 40" ni maneno yasiyo na maana kwa mtu anayepimwa. Lazima iandikwe dawa, kipimo, mahali, tarehe na saa. Na siku hizo zinahesabiwa kwa kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa. Akiongezewa dozi, jedwali halimlindi.

Pia dawa hii ina majina mengi ya biashara. Mtu anasema "nilidungwa Kenacort, si steroidi", na ndiyo hiyo hiyo. Usitafute jina la boksi kwenye Global DRO, tovuti ya kukagua dawa, ukadhani umemaliza, kwa sababu mfumo ule unajua bidhaa za nchi chache tu, na Kenya haimo. Tafuta kwa jina la kiambato.

Tramadoli: marufuku kwenye mashindano tangu Januari 1, 2024. Wiki 7 kabla ya mbio si tatizo. Tatizo ni vidonge vinavyobaki kwenye mkoba halafu mtu anameza kimoja usiku wa kuamkia mbio kwa sababu kisigino kinauma.

mbio_safi:

Sawa, nimekubali kuhusu uboho. Lakini TUE je? Si wajaze tu fomu?

kibali_kwanza:

Wajaze, ila wajue wanaomba nini. Kwa sababu yumo kwenye kundi la upimaji la AIU, maombi hayaendi ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, yanakwenda upande wa riadha ya kimataifa kupitia ADAMS, mfumo wa mtandaoni wa WADA. Mwanariadha wa ngazi ya kitaifa ndiye anayeanzia ADAK. Kupeleka mahali pasipo sahihi kunakula wiki mbili za bure, kisha mnaambiwa muanze upya. Kamati ina siku 21 kujibu, na hesabu inaanza faili likikamilika, si siku mliyobonyeza "tuma". Kwa dawa ya mashindano tu, maombi yafike angalau siku 30 kabla ya mbio. Kwa kitu kilicho marufuku wakati wote, kibali kitangulie sindano.

Kamati inatazama kama kuna ugonjwa uliothibitishwa, kama tiba inatambulika kitabibu, kama hakuna njia nyingine iliyoruhusiwa, na kama haitamwongezea nguvu kupita hali yake ya kawaida. Kwa dripu ya seli za kitovu, sioni utavukaje hoja ya pili na ya tatu. Tiba ambayo haijathibitishwa kwa kano, ilhali mazoezi ya kano hayajamalizwa? Faili litarudi. TUE ya baadaye, baada ya tendo, ni kwa dharura na hali chache za aina hiyo. Kifurushi kilicholipiwa mapema si dharura.

Na uzito wa makosa haya haulingani. Seli za M3 na vichochezi vya S2 vinaanzia miaka 4, isipokuwa mwanariadha athibitishe kwamba hakukusudia. Dripu iliyozidi na glukokotikoidi vinaanzia miaka 2. Sampuli inaweza kuhifadhiwa na kupimwa tena hadi miaka 10. Kuhusu hormoni ya ukuaji, pasipoti ya kibiolojia, yaani rekodi ya vipimo vya mwanariadha kwa muda mrefu, ina sehemu ya hormoni tangu Agosti 2023, inayofuatilia alama mbili za damu, IGF-1 na P-III-NP. Kichupa hicho kinaweza kujionyesha kwenye mstari wa pasipoti hata kama hakuna sindano iliyonaswa.

Kocha, na wewe usijitoe. Anayempeleka mchezaji au kumsaidia kupata kilichokatazwa anaweza kufunguliwa kesi yake mwenyewe. Saini yako isionekane kwenye kifurushi hiki kama kilivyo.

Mambo madogo yanayosahaulika: akisafiri, abadilishe anwani kwenye taarifa za mahali alipo na ule muda wa saa moja wa kila siku anaopaswa kupatikana kupimwa, kabla ya kuondoka, siyo baada ya kufika. Kuumia hakumwondoi kwenye orodha, na kukosekana au kukosea taarifa mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa kamili bila dawa yoyote. Akipimwa, aandike kwenye fomu dawa zote za siku 7 zilizopita.

fizio_wa_kano:

Nimesoma yote na naona hakuna aliyeuliza kama kitu chenyewe kinafanya kazi. Kwa kano ya kisigino, ushahidi wa kudunga vitu vya damu ni mwembamba. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2021, watu 240, ulilinganisha PRP na sindano ya kuigiza. Baada ya miezi 6 hakukuwa na tofauti. Ule wa Uholanzi wa 2010, watu 54, PRP dhidi ya maji ya chumvi, jibu lilikuwa hilo hilo. Kwa seli shina kwenye magoti yaliyochakaa, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2023, lenye watu zaidi ya 400, lililinganisha uboho, seli za mafuta na seli za kitovu na sindano ya kawaida ya kotikosteroidi. Baada ya mwaka hakuna iliyoishinda sindano hiyo.

Usafi nao si wa kudharau. Mwaka 2018 watu 12 Marekani walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama seli shina.

Kinachoruhusiwa na kina ushahidi ni mzigo mzito wa polepole. Mara 3 kwa wiki, wiki 12, kila kunyanyua kisigino kuchukue sekunde 6: 3 kupanda, 3 kushuka. Wiki ya 1 seti 3 za 15, wiki ya 2 na 3 seti 3 za 12, wiki ya 4 na 5 seti 4 za 10, wiki ya 6 hadi 8 seti 4 za 8, na wiki ya 9 hadi 12 seti 4 za 6. Uzito uwe ule unaomshinda kurudia mara moja zaidi. Akimaliza seti akiwa na pumzi ya kupiga soga, ni mwepesi. Maumivu hadi 5 kati ya 10 yanavumilika wakati wa zoezi, ila yawe yamerudi kawaida asubuhi. Yasiporudi, punguza kilo kwanza, usipunguze siku. Kama maumivu yako pale kano inapoungana na mfupa, asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, maana hapo kano inabanwa kwenye mfupa. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, inayopigwa juu ya ngozi kwa mashine, inaweza kuongezwa, haimo kwenye orodha ya makatazo.

Mpango huo unahitaji wiki 12, ilhali mna 7. Na hata uboho wenyewe ukidungwa leo, kano inataka wiki kadhaa bila kukimbia kwa kasi. Hizo mbio tayari zimekwenda, kocha, iwe kwa sindano au bila.

kocha_bondeni:

Nimewaelewa. Nawaandikia kliniki wafute siku ya pili yote, dripu ya vitamini na triamsinoloni. Kama bado atataka uboho, wanitumie kabla ya malipo: majina ya kila kinachoingia kwenye bomba, picha ya lebo na nambari ya bechi, ujazo, na mahali pa kudunga, kwa saini ya daktari. Tutapeleka hayo AIU kwa maandishi na kusubiri jibu la maandishi. Mbio tunaziacha. Kuna nililoliacha?

fizio_wa_kano:

Siprofloksasini. Haimo kwenye orodha yoyote ya pufya, ndiyo maana kila mtu ameiruka. Lakini dawa za jamii hiyo zinajulikana kwa kudhuru kano na hata kuikata, na kano ya kisigino ndiyo inayoongoza. Marekani ziliwekewa onyo kali kwenye lebo mwaka 2008. Hatari inazidi mtu akiwa ametumia kotikosteroidi, na barua yenu ilimpa vyote viwili ndani ya saa 24, kwenye kano ambayo tayari ni mgonjwa. Wakisisitiza antibiotiki baada ya kutoboa mfupa, waandike ya jamii nyingine.

kocha_bondeni:

Hiyo nayo imefutwa.